Kula Kikoa: Neno Nililolifundisha Kabla ya Kulielewa



Katika miaka niliyofundisha Kiswahili shule za sekondari, palikuwa na kipindi kimoja cha msamiati ambacho hakikupita bila kicheko. Niliandika ubaoni maneno mawili, kikoa na bia, kisha nikawataka wanafunzi watunge sentensi. Hakukosekana kijana wa dawati la nyuma wa kusema, "Mwalimu, bia hunywewa, hailiwi." Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaeleza kwamba, mbali na kinywaji kile, lugha yetu ina bia nyingine yenye maana ya ushirika wa kuchangia gharama. Kwamba kula bia ni kula pamoja, kila mlaji akiwa ametoa fungu lake. Na kwamba maneno ubia na mbia, tunayoyasikia kila siku katika habari za biashara, ni ya ukoo huohuo. Kuhusu kikoa nilisema ni chakula wanacholiana watu kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Wanafunzi waliandika, kengele ikagongwa, nami nikaenda zangu ofisini.

Nilikuwa nimejifunza fasili hizo nikiwa chuo cha ualimu, na nilizirudia mwaka hata mwaka bila kukosea nukta. Leo nataka kusimulia jinsi nilivyokuja kuzielewa, maana nilizielewa kwa gharama, na gharama yenyewe sikuilipa peke yangu.

Ukoo wetu, kama koo nyingi za Muheza, una Wakristo na Waislamu. Baba yangu na ndugu zake walizaliwa tumbo moja wakaabudu nyumba mbili, na tangu utotoni mwetu sikukuu zote zimekuwa zetu. Krismasi wote huja kwetu. Idi wote huenda kwa shangazi. Mwishoni mwa mwaka 2000, Krismasi na Idi el Fitri zilitenganishwa na siku chache tu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko huu wa ofisini kwa takriban siku 11, kwa hiyo Idi husogea nyuma kila mwaka, na mara mojamoja huikuta Krismasi njiani. Ukoo mzima ulikuwa unakuja Tanga mjini. Shangazi alikuwa ametoka kuugua, hakuweza kupokea wageni. Nikasimama mbele ya kaka zangu nikatamka, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa, kwamba mwaka huo sikukuu zote mbili zingefanyika nyumbani kwangu, na kwamba hakuna aliyepaswa kuleta kitu ila tumbo lake.

Mke wangu alinitazama tu.

Mshahara wa Desemba, kama ilivyo desturi, ulitoka mapema ili watumishi wapate kusherehekea. Msomaji aliyewahi kuwa mtumishi anajua hatari ya fadhila hiyo. Fedha inayokuja siku kumi kabla ya wakati wake hukuacha ukiwa mkavu kwa siku kumi zaidi mwezi unaofuata. Nilinunua mbuzi wawili, gunia la mchele, mafuta, soda, viungo vya pilau, nguo mpya za watoto wetu wanne. Ilipofika tarehe 20, mshahara ulikuwa umekwisha na orodha ilikuwa haijafika nusu. Hapo ndipo nilipomwendea mfanyabiashara mmoja wa mtaani aliyekuwa akikopesha kwa siri. Alikuwa tayari kunipa shilingi 60,000, nimrudishie 80,000 mwisho wa Januari. Alitaka rehani. Nyumbani kwetu kitu pekee chenye thamani hiyo kilikuwa cherehani ya mke wangu.

Niliipeleka jioni, mwenyewe akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi nilimwambia kwamba ni ya mwezi mmoja tu. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja: "Mwalimu, Januari nitashona kwa nini?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimelifikiria swali. Mke wangu alikuwa akishona sare za shule. Mwaka mzima cherehani ile ilileta fedha za chumvi na sabuni, lakini Januari, shule zinapofunguliwa, ililisha nyumba. Mimi niliyejiita mkuu wa kaya sikuwa nimewahi kuandika mahali popote kwamba mwezi ule tulikuwa tukila kwa uzi na sindano yake. Niliujua mshahara wangu peke yake. Cha mwenzangu nilikila bila kukihesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nikiifundisha methali hiyo kwa ajili ya vina vyake.

Karamu zilifana. Nisiwadanganye kwamba nilikula kwa majuto. Nilikula kwa furaha, nikasifiwa, nikajibu sifa kwa unyenyekevu wa uongo. Watu zaidi ya 40 walipita nyumbani kwetu kati ya siku hizo mbili. Pilau ilipikwa kwa kukadiria kwa jicho, na jicho la mwenye kujionyesha hukadiria kikubwa. Sufuria mbili zililala na joto la pwani likazichachusha, asubuhi tukamwaga.

Ikaja Januari. Majirani zetu wa Kenya wameunda neno la mchezo, Njaanuari, na kila nilisikiapo huwaza kwamba aliyelibuni alipita kwetu mwaka 2001. Binti yetu mkubwa alikuwa amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ada haikuwapo. Wateja walikuja na vitambaa vya sare, wakaondoka navyo kutafuta fundi mwingine. Wenzake wa mtaani walipanda basi, naye akabaki akifagia ua, sanduku lake la bati likiwa limefungwa tayari chini ya dirisha. Alikwenda baada ya majuma matatu, nilipopata kwa kaka yangu fedha za kuanzia, na barua yake ya kwanza ilisema hisabati imempita, wenzake wako mbali. Kuhusu karamu hakuandika neno. Cherehani tuliikomboa mwezi Machi, msimu wa sare ukiwa umekwisha, kwa fedha nyingi kuliko zile 80,000, kwa sababu deni lililocheleweshwa lilizaa. Hapo nikaielewa methali nyingine niliyokuwa nikiifundisha kwa ajili ya mtihani: kukopa harusi, kulipa matanga.

Shangazi alipopata nguvu alikuja kututembelea, na mke wangu akamweleza yote mbele yangu. Bibi yule, Mungu amrehemu, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, nani alikwambia utulishe? Sisi hatukulishwa na mtu. Baba yako, na mimi, na wale wengine, tulikula kikoa. Huyu analeta mchele, huyu nazi, huyu kuku. Asiye na kitu anapasua kuni. Sasa wewe umetufanya wageni nyumbani kwetu."

Niliona aibu ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeikosea nyumba yake. Ya pili ilikuwa ya mwalimu. Neno lile lilikuwa limekaa kinywani mwangu kwa miaka, nikiligawa kama chaki, na mwanamke ambaye hakuvuka darasa la nne alikuwa ameishi ndani yake maisha yake yote.

Mwaka huohuo tukaanza upya. Nitaeleza tulivyofanya, kwa kuwa najua miongoni mwenu wamo wenye watoto, wapangaji, wakwe na Desemba inayokuja.

Kwanza tulinunua daftari, lile la mistari la kurasa 96. Mke wangu ndiye aliyeandika mstari wa kwanza. Tulikubaliana kwamba kila kinachoingia kiandikwe, kiwe cha mshahara, cha cherehani au cha mayai. Na kila kinachotoka kiandikwe siku hiyohiyo, hata kama ni nauli ya daladala. Kwa miezi mitatu hatukubadili tabia yoyote, tuliandika tu. Kuandika peke yake kulitufundisha mengi. Tuligundua, kwa mfano, kwamba michango ya harusi na kamati zake ilikuwa ikitula kuliko mkaa.

Pili, tuliweka sheria moja isiyo na rufaa: ada kabla ya mbuzi. Fedha za shule ziwe zimekamilika mwisho wa Novemba. Kama hazijatimia, sikukuu italiwa kwa maharage, na wageni wataelezwa sababu bila kuficha. Mwaka mmoja ilitokea hivyo. Hakufa mtu.

Tatu, mke wangu alikuwa katika upatu wa wanawake kumi na mmoja wa mtaani. Zamani zamu yake alikuwa akiipokea mwanzoni, fedha ikapotea katika mambo madogomadogo. Aliwaomba wenzake wampe zamu ya Novemba. Walishangaa, maana kila mtu hugombea ya kwanza, wakampa kwa furaha. Hivyo tukaigawa gharama ya sikukuu katika miezi ya mwaka, tukaibeba kama mchwa abebavyo udongo.

Nne, tulijifunza kununua kwa msimu. Mchele tuliununua baada ya mavuno, ulipokuwa bado rahisi, tukauhifadhi ndani ya debe lenye kifuniko. Mbuzi tulimnunua akiwa mdogo, mwanzoni mwa mwaka, wakati wauzaji nao wana shida ya fedha, tukamwacha kwa kaka Muheza akila majani yasiyouzwa. Vitambaa vya nguo za watoto tulivinunua Agosti, na tukaamua kwamba kila mtoto avae nguo mpya mara moja kwa mwaka, achague mwenyewe ni sikukuu ipi.

Tano, na hili ndilo kubwa, tulirudisha kikoa. Mwezi Oktoba niliwaandikia ndugu zangu barua, kila nyumba na fungu lake. Wa Muheza walete nazi na machungwa, maana kwao yanaanguka chini. Wa kule Amani milimani walete iliki na mdalasini, ambavyo mjini huuzwa kwa vijiko. Wenye mishahara wagawane mafuta na sukari. Vijana wasio na kazi walete mikono yao: kuchota maji, kupasua kuni, kuosha vyombo. Nyumba yetu ingetoa mbuzi, mchele na paa la kukaa chini yake.

Sikulazimika kungoja lawama. Kaka mmoja alisema nimekuwa bahili. Mwingine alisema ualimu umenifanya nigawe chakula kama mitihani. Usiku ule nilifikiria kuiacha barua ile, niseme ilikuwa utani. Mke wangu akaniuliza kama nilikuwa na cherehani nyingine ya kuweka rehani. Nililala.

Basi siku ilipofika, walikuja wote, na mafungu yao. Hapo niliona jambo ambalo sikulitarajia. Wale waliokuwa wakikaa ukumbini wakingoja sahani mwaka uliopita, sasa walikuwa jikoni, uani, kisimani. Kijana mmoja, mtoto wa binamu yangu, ambaye hakuwa na ajira na ambaye kwa miaka miwili alikuwa haji kwenye sikukuu kwa kuona haya, alipasua kuni tangu alfajiri. Wakati wa kula alikaa katikati ya wenzake akacheka kwa sauti. Mwaka uliotangulia nilidhani nimemkirimu kwa kumwambia asilete kitu. Kumbe nilimfungia mlango.

Shangazi ndiye aliyepima mchele. Alikuja na kibaba chake cha bati, akawahesabu watu kwa kidole, akaamua kibaba kimoja kwa watu wanne, na nyongeza ya kibaba kimoja kwa atakayebisha hodi. Hakuna kilichomwagwa. Nilimtania kwamba anatupimia sikukuu. Akanijibu kwamba hata zaka ya Fitri, inayotolewa kabla ya sala ya Idi ili maskini naye apate kula siku hiyo, hupimwa: pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. "Kama sadaka ina kipimo," akasema, "pilau ni nani?"

Jibu hilo limekaa nami. Maneno karamu na ukarimu yametoka katika shina moja la Kiarabu, na kwa muda mrefu nilidhani udugu wao una maana kwamba mkarimu hahesabu. Lakini sisi tunaotunga mashairi ya kimapokeo tunahesabu tangu mstari wa kwanza. Tunakata mizani kwa vidole, nane na nane, na neno zuri likizidi kipimo tunaliacha hata kama linatuuma. Hakuna anayemwita malenga bahili kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nikiwakata wanafunzi alama kwa mizani moja iliyozidi, na nyumbani nikaacha shilingi 80,000 zizidi.

Tazameni pia neno uchumi. Leo limevaa suti, linatajwa pamoja na mabenki na asilimia. Lakini ndani yake mna kuchuma, kitendo cha mtu aliyesimama chini ya mti akitwaa tunda lililoiva na kuliacha bichi. Na bajeti, tuliyoipokea kutoka Kiingereza, ilianza safari yake katika Kifaransa cha zamani ikiwa na maana ya kifuko kidogo cha ngozi. Mwenye kifuko kidogo hujua kilichomo akikishika tu. Kikoa nacho kimepata kazi mpya: vijana wa kompyuta hulitumia kwa anwani za intaneti, wakisema jina la kikoa. Sina ugomvi nao. Neno lenye kazi mbili haliwi maskini. Ninachoomba ni kwamba lile la kwanza lisije likabaki kamusini peke yake, kama lilivyobaki kwangu.

Nilistaafu nikiwa na miaka 60. Kiinua mgongo kilipoingia, wapo walionishauri nifanye sherehe ya kuwaaga walimu wenzangu, yenye turubai na muziki. Nilitazama jina lenyewe la fedha hiyo. Imeitwa hivyo kwa sababu ni ya kumwinua mtu aliyeinama kazini miaka yote; sikuona busara ya kuitumia kuinama tena. Walimu wenzangu walikuja nyumbani, kila mmoja na fungu lake, tukala bia chini ya mwembe. Yule kijana wa dawati la nyuma, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwapo. Aliinua bakuli la mchuzi akasema, "Mwalimu, leo nimeila." Wasiojua habari hawakuelewa tulichocheka.

Binti yetu alimaliza masomo yake, ingawa hisabati haikumrudia sawasawa hata mwisho. Alisomea mambo mengine, si yale aliyoyaota akiwa mdogo. Ananiambia kwamba si kosa la majuma yale matatu. Huenda. Mimi sina hakika, na sitaki kujisamehe kwa haraka. Nyumbani kwake kuna daftari, na Oktoba ikifika ni yeye sasa anayewagawia ndugu mafungu, kwa simu.

Madaftari yetu ya zamani tumeyafunga kwa kamba kabatini. Lile la kwanza limeliwa pembe na mende, lakini mstari wa kwanza bado unasomeka, kwa mwandiko wa mke wangu ulionyooka: "Kukomboa cherehani." Kiasi chake kimeandikwa mbele. Cherehani yenyewe bado ipo, inakwaruza kidogo, na Januari hii ameshona nayo sare za wajukuu wawili.

Kwa hesabu ya kalenda, Idi el Fitri na Krismasi zitakaribiana tena mwishoni mwa mwaka 2033. Mungu akinipa uhai nitakuwa mzee wa kukaa kwenye kiti na kupewa sahani. Nimekwisha kuwaambia wanangu kwamba nami nitataka fungu langu la kuleta. Hata likiwa beti mbili tu, kama hizi:

Sikukuu ikifika, ada iwe kabatini,
Kila kitu kuandika, shilingi na senti ndani,
Deni lisije kuzuka, kesho tuwe majonzini,
Kikoa tukikishika, karamu haina deni.

Wageni tuwakirimu, kwa kipimo cha kibaba,
Elimu ndiyo muhimu, kuliko siku ya shiba,
Mkopo una ugumu, humaliza hata haba,
Kikoa kina utamu, wageni wajaa huba.